Kabla Hujaizungusha Lenzi ya 100

Mkalishe mwanafunzi mpya mbele ya hadubini, umwache peke yake, uone mkono wake utaenda wapi. Utaenda kwenye lenzi ndefu kuliko zote, ile iliyoandikwa 100. Amekuja kuona vitu vidogo sana, basi kwa nini ahangaike na 4 au 10? Haichukui muda utasikia, "Mwalimu, sioni kitu." Siku mbaya hutangulia mlio mwembamba wa kioo kinachopasuka.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mwanafunzi huyo na mwalimu wake, na pia kwa kijana aliyeajiriwa juzi katika maabara ya zahanati na kukabidhiwa hadubini asiyoijua vizuri. Nina hoja moja tu ya kuisukuma: kukuza si kazi ngumu, kioo chochote kilichochongwa vizuri kinakuza. Kazi ni kuutawala mwanga. Anayejifunza mwanga kwanza ataona kwa lenzi ya 10 mambo ambayo mwenzake hayaoni kwa lenzi ya 100.

Anza kwa kusoma kilichoandikwa kwenye hadubini yenyewe. Zile lenzi tatu au nne zinazoielekea slaidi, ambazo watu wa maabara huziita objektivu, zina maandishi ubavuni ambayo wengi hawayatazami. Kwenye objektivu ya kawaida ya shuleni utakuta 40, kisha 0.65, na chini yake 160 na 0.17. Ile 40 ni ukuzaji. Izidishe kwa 10 ya lenzi ya jicho, upate mara 400. Ile 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kile kioo chembamba cha kufunikia sampuli ambacho lenzi imetengenezewa. Ukiweka kifuniko kinene zaidi, au ukirundika viwili, picha itafifia hata lenzi iwe mpya. Ile 160 ni urefu wa bomba kwa milimita. Hadubini nyingi za siku hizi zina alama ya ukomo mahali pake, ile nane iliyolala. Usichanganye lenzi za aina hizi mbili, hata kama skrubu zake zinaingiana.

Namba ya kuiheshimu ni ile 0.65. Hiyo inaeleza upana wa koni ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea kutoka kwenye sampuli. Inapokuwa kubwa, lenzi inaweza kutenganisha nukta zilizokaribiana zaidi. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia aliyekuwa Jena, Ujerumani, alionyesha kwamba mpaka huu hauondoki kwa ufundi wa kuchonga vioo, kwa sababu unatokana na urefu wa mawimbi ya mwanga wenyewe. Kwa lenzi ya 0.65, nukta mbili zilizotengana kwa chini ya takriban nusu mikromita zitaonekana moja. Kwa lenzi ya 100, yenye 1.25, mpaka unashuka hadi karibu robo ya mikromita. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukipita hapo, kuendelea kukuza ni sawa na kupanua picha ya simu kwa vidole viwili: inakuwa kubwa, na ukungu wake unakuwa mkubwa pamoja nayo.

Mafundi wana kanuni ya haraka: ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara 1000 ya namba hiyo. Lenzi ya 1.25 inakomea mara 1250. Kwa hiyo mzazi anayeuziwa hadubini ya plastiki iliyoandikwa mara 2000 kwenye boksi aiache dukani.

Historia inaunga mkono jambo hili. Robert Hooke, Mwingereza aliyechora vijumba vya gome la mti wa koki katika kitabu chake cha 1665, alitumia hadubini ya lenzi zaidi ya moja. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alitumia lenzi moja ndogo aliyoichonga mwenyewe na kuibana katikati ya vibati viwili. Hiyo moja ndiyo iliyomwonyesha bakteria katika miaka ya 1670, kwa sababu lenzi nyingi za enzi hizo, zikipangwa pamoja, ziliongezeana kasoro na kuizungushia picha rangi za upinde wa mvua. Kati ya lenzi zake zilizobaki hadi leo, iliyo bora inakuza takriban mara 270 tu.

Sasa sehemu zenyewe. Vitabu vya shule huanzia juu, kwenye lenzi ya jicho, vikashuka hadi kwenye kitako, na mwanafunzi hukariri kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo mtihani utakavyouliza. Mimi nakushauri uanze chini, uufuate mwanga unavyopanda. Kitako na mkono utavijua bila kufundishwa: mkono mmoja unashika mkono wa hadubini, mwingine unabeba kitako, na chombo kinasafiri wima. Habari yake inaishia hapo.

Mwanga unatoka kwenye taa, au kwenye kioo kama shule haina umeme wa kuaminika. Kioo kina nyuso mbili. Uso bapa ni wa hadubini yenye kondensa, ambayo tutaifikia punde. Uso uliobonyea ni wa hadubini isiyo nayo, kwa kuwa wenyewe unaukusanya mwanga. Elekeza kioo kwenye anga jeupe, kamwe usikielekeze kwenye jua. Jua lililokusanywa na lenzi hizi linaweza kuunguza jicho bila kutoa onyo. Asubuhi kaa kwenye dirisha la magharibi, alasiri hamia la mashariki, utapata mwanga mtulivu siku nzima.

Juu ya taa kuna kondensa, lenzi iliyo chini ya jukwaa la kuwekea slaidi, na ndani yake dayaframu, yaani vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufumba tundu la mwanga. Hapa ndipo ninapotaka ukae. Katika maabara nyingi nilizoingia, kondensa imeshushwa hadi chini kabisa na dayaframu imefumbwa karibu yote, kwa sababu aliyetangulia aliona mwanga unamuumiza macho akashika kilichokuwa karibu. Picha inakuwa nyeusi-nyeupe, kila kitu kina kingo nene, na mtumiaji anadhani hiyo ndiyo hali ya kawaida. Kumbe ameiba kile ambacho lenzi ililipiwa. Koni ya mwanga imekuwa nyembamba, na ile 0.65 imebaki maandishi tu.

Mwanga mkali hupunguzwa kwenye swichi ya taa, au kwa kichujio cha bluu. Dayaframu ina kazi nyingine: kupatanisha uwazi na utofauti wa vivuli. Kuna njia rahisi ya kuiweka sawa. Ukishaiona sampuli vizuri, toa lenzi ya jicho, chungulia ndani ya bomba. Utaona duara la mwanga. Fungua na kufumba dayaframu mpaka mwanga ujaze kama robo tatu ya duara hilo, halafu rudisha lenzi. Ukibadilisha objektivu, rudia. Kondensa nayo ipandishe hadi karibu na juu unapotumia lenzi ya 40 au 100. Kwa sampuli isiyo na rangi, kama seli za shavu zilizowekwa kwenye maji tu, fumba kidogo zaidi, la sivyo zitapotea ndani ya mwanga. Hapo unapoteza uwazi kidogo ili uone kingo, na mtumiaji mzuri anajua kwamba anafanya biashara hiyo.

Baada ya jukwaa na vibanio vyake mwanga unapita kwenye slaidi, unaingia objektivu, unapanda bomba hadi kwenye jicho lako. Zimebaki skrubu mbili, kubwa na ndogo, na hizi zina adabu zake.

Anza na lenzi ya 4, daima. Tazama kutoka ubavuni, si kupitia lenzi, huku ukiinua jukwaa kwa skrubu kubwa mpaka slaidi ikaribie objektivu. Kisha weka jicho, ulishushe jukwaa polepole mpaka picha ije. Kwa namna hii unapotafuta picha, kioo na kioo vinaachana, haviwezi kugongana. Kwenye hadubini za zamani jukwaa halisogei, linalopanda na kushuka ni bomba, lakini kanuni ni ile ile. Picha ikishakuja, leta katikati kitu unachokitaka, zungusha hadi 10, sahihisha kwa skrubu ndogo, leta katikati tena, ndipo uende 40. Lenzi zimetengenezwa zipokezane: ukiona vizuri kwa 10, kwa 40 utahitaji robo mzunguko tu wa skrubu ndogo. Kuanzia hapo skrubu kubwa haiguswi. Kati ya lenzi ya 40 na slaidi pana kama nusu milimita. Kwa lenzi ya 100 ni chini ya robo milimita, na hapo ndipo slaidi huvunjika.

Fumbua macho yote mawili hata kama hadubini ina tundu moja. Siku za mwanzo utaona meza na seli kwa pamoja, kisha ubongo utazoea kuipuuza meza. Anayefumba jicho moja huchoka mapema na huondoka na kichwa kinachouma. Kwenye hadubini ya matundu mawili, sogeza kwanza matundu yalingane na macho yako, sahihisha kwa jicho lililo upande wa lenzi isiyozunguka, kisha geuza pete ya lenzi ya pili kwa ajili ya jicho la pili. Anayevaa miwani kwa kutoona mbali au karibu anaweza kuivua, skrubu itamfidia. Mwenye tatizo la jicho kupinda mwanga vibaya upande mmoja aibakize.

Sampuli ya kwanza iwe herufi iliyokatwa gazetini. Weka "e" wima, itazame kwa lenzi ya 4. Imepinduka chini juu, kushoto kulia. Sukuma slaidi kulia, yenyewe inakwenda kushoto. Wengi huliruka zoezi hili wakiliona la kitoto, kisha wanahangaika wiki nzima wakikimbiza seli zinazowakimbia. Mikono inahitaji muda kuzoea dunia iliyogeuzwa.

Sampuli ya pili ni kitunguu. Upande wa ndani wa gamba lake nono kuna ngozi nyembamba inayobanduka kwa kucha au kibanio. Itandaze ndani ya tone la maji bila kuikunja. Egemeza ukingo wa kifuniko kwenye maji kwa mshazari, kishushe taratibu kwa ncha ya sindano ili hewa itoke. Ukikiangusha tu utafungia mapovu, na povu la hewa ndilo kitu kinachochorwa zaidi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza: duara kamilifu lenye ukingo mweusi mnene. Kitu kizuri mno hivyo mara chache huwa seli. Weka tone la iodini ukingoni mwa kifuniko, gusisha karatasi ya kufyonza upande wa pili, iodini itavutwa chini ya kioo na kiini cha seli kitageuka rangi ya hudhurungi.

Chora unachokiona, kwa penseli, mistari safi, bila kutia vivuli. Nasisitiza unachokiona. Kila mwaka wapo wanaochora viwiti vya kijani ndani ya seli za kitunguu kwa sababu kitabu kilisema seli ya mmea ina viwiti. Ngozi hiyo haina. Wapo wanaochora ribosomu, ambazo upana wake ni wa nanomita 20 hadi 30, mbali sana chini ya mpaka wa Abbe. Hakuna hadubini ya kawaida ya mwanga itakayokuonyesha hata moja. Na kiini hakipo katikati kama kwenye mchoro wa ukutani. Mara nyingi kimesukumwa ukutani na maji yaliyojaa ndani ya seli.

Kisha pima, kwa sababu swali la kupima limezoeleka katika mitihani ya Biolojia ya KCSE nchini Kenya, na ni rahisi kuliko linavyoogopwa. Weka rula ya plastiki angavu chini ya lenzi ya 4 uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme umepata 4.5. Lenzi ya 10 inakuza mara mbili na nusu zaidi, kwa hiyo uwanja wake ni milimita 1.8. Lenzi ya 40 inakupa 0.45. Zikipangana seli sita za kitunguu, ncha kwa ncha, kuvuka uwanja wa lenzi ya 10, kila moja ina urefu wa milimita 0.3. Andika vipimo vya hadubini yako kwenye kikaratasi ukibandike kwenye kitako.

Ukiona doa lisilotaka kuondoka, mtafute mkosaji kabla hujaanza kufutafuta. Zungusha lenzi ya jicho: doa likizunguka nayo, liko hapo. Sogeza slaidi: likisogea, liko kwenye slaidi. Badilisha objektivu: likitoweka, umelipata.

Sasa, kwa aliyefika hapa kwa mpangilio, lenzi ya 100. Bila mafuta haina maana. Mwanga unaotoka kwenye kioo kwenda hewani hupinda na kutawanyika, na miale ya pembeni, ile yenye habari ndogo-ndogo tunazozitafuta, inaikosa lenzi. Mafuta ya hadubini yanapinda mwanga karibu sawa na kioo, hivyo miale hupita kana kwamba hakuna mpaka. Mafuta ya kupikia si mbadala. Weka tone moja, zungusha kutoka 10 moja kwa moja hadi 100, na ukishaweka mafuta usirudi kwenye 40, maana utaipaka na haikujengewa hilo.

Kazi kubwa ya lenzi hii katika nchi zetu ni malaria. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikiona kimelea mwaka 1880 huko Constantine, Aljeria, katika damu mbichi isiyo na rangi yoyote. Leo tuna rangi ambayo Gustav Giemsa aliitengeneza Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20, nayo inakupa sheria ya kwanza ya msomaji wa slaidi: kimelea kina kiini chekundu na utegili (sitoplazimu) wa bluu, vyote viwili. Kidoa chekundu peke yake hakitoshi. Pete changa ya falsiparamu, mojawapo ya aina za vimelea vya malaria, ina upana wa kama moja ya tano ya chembe nyekundu ya damu, na chembe yenyewe ni mikromita 7 au 8, kwa hiyo si ajabu vipande vya rangi iliyoganda vikamdanganya mgeni. Hapa skrubu ndogo ndiyo mshauri wako. Usiiache itulie, izungushe mbele na nyuma wakati wote. Takataka ya rangi mara nyingi imekaa juu ya damu, inaonekana vizuri wakati chembe zimefifia. Kimelea kiko pamoja na damu.

Mpako mnene, ambao chembe nyekundu zimepasuliwa kwa maji ya rangi, ni wa kutafuta. Mpako mwembamba, ulioimarishwa kwa methanoli, ni wa kutambua aina. Kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, soma nyanja 100 za mpako mnene kwa mafuta. Si 20, si mpaka foleni ipungue. Ukivipata, vihesabu sambamba na chembe nyeupe 200: vimelea 150 kwa chembe nyeupe 200, ukichukua kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8000, ni vimelea 6000 kwa mikrolita. Kipimo cha haraka hakikupi namba hiyo. Na huko Eritrea na Ethiopia watafiti wamekuta vimelea vilivyopoteza jeni ya protini inayotafutwa na vipimo vingi vya haraka, vikapita bila kuonekana. Kwa hiyo anayesema hadubini imepitwa na wakati amesema mapema.

Ukimaliza, futa mafuta siku hiyo hiyo kwa karatasi laini ya lenzi. Si kwa khanga wala ncha ya koti, na karatasi ya chooni nayo inakwaruza. Shusha mwanga kabla ya kuzima, rudisha lenzi ya 4, shusha jukwaa.

Adui mkubwa katika pwani yetu, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, ni ukungu. Si vumbi. Hewa yenye unyevu, giza na utulivu vinatosha: nyuzi nyembamba huota juu ya kioo, zikila tabaka lake, na alama zikishachimbika hakuna kitambaa kitakachoziondoa. Weka hadubini kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka, ya aina ya zamani inayotoa joto, kwa kuwa balbu za LED hazisaidii hapa. Kama hakuna umeme, tumia vijiwe vya silika, uvikaange kila vinapobadilika rangi. Msaada mkubwa kuliko yote ni kuitumia mara kwa mara, kwa sababu taa inapowaka chombo kinapata joto na hewa inazunguka.

Ndiyo maana nina neno kwa wakuu wa shule. Ziko hadubini nyingi zilizofungiwa kabatini, zikitolewa siku ya mtihani wa vitendo na siku ya wakaguzi, kwa hofu kwamba wanafunzi wataziharibu. Kabati hilo la giza ndilo linaloziharibu. Wapeni walimu funguo, nunueni boksi la slaidi na vitunguu vya siku hiyo, na muwaache watoto wa kidato cha kwanza waanze na lenzi ya 4.